Anza na Earthsea, ila usiishie kitabu cha kwanza

Ndugu, umeuliza kama Earthsea, mfululizo wa riwaya za kichawi wa mwandishi Ursula K. Le Guin, utakufaa, maana umechoshwa na ulimwengu mpana wenye wahusika wasio na uhai. Utakufaa. Uchawi wake una masharti: ukijua jina la kweli la kitu, unakitawala. Basi Ged, kijana mwenye kiburi, anapofungulia kivuli asichokijua jina, hana pa kukishika. Hapo ulimwengu na tabia vimeshikana, napapenda mno!

Udhaifu upo. Kitabu cha kwanza, cha 1968, kinasimulia kwa mbali, mazungumzo machache, wanawake wamewekwa pembeni. Vumilia ufike cha pili, umkute Tenar, msichana aliyenyang'anywa hata jina lake. Tehanu (1990), kitabu cha nne, inamrudia akiwa mjane.