Kamba wa maji baridi bila unga wa samaki: inawezekana, ila iwe bwawani

Mkuu, umeuliza kama kamba wa maji baridi wanaweza kukua kwa chakula cha mimea pekee. Wanakua, ila kwenye bwawa la udongo lenye uhai. Kwenye tangi la maji safi usijaribu. Mimea ina methionini (kijenzi cha protini) kidogo, fosforasi yake nyingi haimeng'enyeki, na haina kolesteroli ya kutosha, kitu ambacho kamba hawezi kujitengenezea mwilini. Bwawani pengo hilo linazibwa na minyoo, mabuu ya wadudu na viumbe wengine wa kwenye tope.

Kwa hiyo anza kulisha tope. Kausha bwawa mpaka udongo upasuke, mwaga chokaa ya kilimo kama udongo una tindikali, weka samadi iliyooza, kisha ingiza maji kupitia wavu wenye matundu madogo ili samaki wala nyama wasiingie. Kina cha mita 1 kinatosha. Zamisha sahani nyeupe: ikipotea machoni kati ya sentimita 25 na 40, maji yako tayari. Joto liwe nyuzi 26 hadi 31.

Mchanganyiko wa kilo 10, wenye protini ya karibu asilimia 28:
mashudu ya soya kilo 4, mashudu ya alizeti 1.5, pumba laini za mpunga 2, unga wa majani ya mlonge 1, unga wa ngano 1.2, mafuta ya kula gramu 100, madini ya mifugo gramu 200.

Ukitumia soya nzima, ikaange mpaka harufu ya ubichi iishe. Soya mbichi inazuia umeng'enyaji wa protini. Mashudu ya karanga yenye ukungu tupa kabisa, yana sumukuvu. Ya pamba mimi siyashauri, kwa sababu ya gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kamba hamezi tonge kama samaki. Analishika kwa miguu ya mbele na kulitafuna taratibu, kwa hiyo chakula kinachosambaratika mapema kinageuka mbolea tu. Chekecha viungo vyote vikavu. Ule unga wa ngano upike uji mzito, changanya ukiwa moto, ongeza maji kidogo kidogo mpaka donge likibanwa mkononi lishikane bila kuchuruzika. Pitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, matundu ya milimita 2 au 3, anika kivulini mpaka kijiti cha chakula kikivunjwa kilie. Tumbukiza vichache kwenye glasi ya maji: baada ya saa moja viwe bado vizima. Vikimeguka, ongeza uji.

Pandikiza vifaranga 3 hadi 4 kwa mita ya mraba. Bwawa la mita za mraba 200 lenye kamba 640 waliobaki hai, wastani wa gramu 15, lina kilo 9.6 za kamba. Chakula cha asilimia 4 ya uzito huo ni kama gramu 380 kwa siku. Wadogo wape asilimia 10 au zaidi, wakubwa 2 hadi 3. Sehemu kubwa toa jioni, maana hula usiku. Weka trei mbili zenye chakula chini ya maji: mabaki asubuhi maana yake punguza.

Alfajiri ukikuta kamba wamejazana kingoni, oksijeni imepungua sana. Acha kulisha siku hiyo na ingiza maji mapya. Kijani cha maji kikikolea sana, pH hupanda mchana. Ikivuka 9 vifaranga wako hatarini, na kuongeza chokaa wakati huo hakusaidii.

Wanaojivua gamba huliwa na wenzao, hivyo zamisha matawi makavu au vipande vya wavu wajifiche. Kuanzia mwezi wa nne au wa tano tangu upandikize, vuta wavu na utoe madume yenye magando marefu ya bluu. Hao hawaongezeki uzito tena kwa maana, na wakiwepo wanadumaza madume madogo. Ukiwatoa, wenye magando ya rangi ya chungwa wanaendelea kunenepa kwa chakula kilekile.