Taka zimekaa getini wiki tatu, sasa ni za nani?

Mwezi huu Anti amepokea barua nyingi za taka, amechagua tatu azijibu.

SWALI: Anti shikamoo. Nakaa Dar, nyumba ya kupanga, tupo wapangaji sita uani. Kila mwezi kijana anapitaga na daftari anachukua elfu mbili ya taka kwa kila chumba. Zamani guta lilikuwa linakuja Jumanne na Ijumaa, sasa hivi wiki ya tatu hatujaliona, viroba vimejaa getini, funza wanatembea mpaka mlangoni kwangu na nina mtoto wa miezi nane. Juzi mvua ilivyopiga usiku wenzangu wakatoa viroba vyao wakamwaga mtaroni ili maji yaende navyo, nilivyowasemesha wakanijibu hela tushalipa, taka sio zetu tena hizo ni za serikali. Mwenyekiti nae nikimfuata anasema gari la kontrakta bovu tuvumilie. Mume wangu anasema niachane nao nitagombana na watu bure. Naomba ukweli, mwenye kosa hapa ni nani na mimi nifanye nini maana nimechoka.
Mama Mdogo, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, hasa kwa huyo mtoto maana miezi nane ndo anatambaa na kila anachookota chini anapeleka mdomoni.

Nianze na hilo neno la wenzako, hela tushalipa taka sio zetu, kwa sababu karibu kila barua ya taka ninayopata ina hilo neno ndani yake na mimi linaniuma kweli. Ile elfu mbili mmelipia kuzolewa. Kiroba kikiwa getini bado ni cha aliyekijaza, kikipanda kwenye guta ni cha kontrakta, kikifika kwenye kizimba cha kukusanyia taka au dampo ni cha halmashauri, yaani taka ina mwenyewe muda wote na anabadilika pale tu mmoja anapomkabidhi mwenzake. Mtaro haujapokea hela ya mtu na haujakubali kukabidhiwa kitu. Kwa hiyo wenzako walivyomwaga usiku walitupa taka zao wenyewe na hapo hawana pa kujifichia, hata kama guta lingekuwa halijaja miezi mitatu.

Na waulize kwa upole, hayo maji yanaenda navyo wapi? Mitaro mingi ya Dar inaishia kwenye mito, Msimbazi, Mlalakuwa, Kizinga na vijito vyake, halafu baharini. Pampasi na makopo ya maji hayafiki hata huko, yananasa kwenye kalavati ya kwanza au ya pili, maji yakikosa njia yanaingia kwenye nyumba ya mtu wa chini yenu ambae hamjawahi hata kumuona. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 hapa mjini na waliobomokewa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Sisemi taka peke yake ndo zilifanya yale, mvua ilikuwa kubwa mno na watu walijenga ndani ya bonde, ila mtaro ulioziba unafanya mvua ya kawaida itende kama ile kubwa. Na kipindupindu cha 2015 kilianzia hapa hapa Dar mwezi wa nane, nadhani unakumbuka, maji machafu yakiingia visimani na vyooni hayachagui nyumba ya aliyemwaga na ambae hakumwaga.

Sasa upande wa pili, maana sitaki uone nawabebesha wapangaji mzigo wote. Jibu la mwenyekiti halitoshi kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama, inampa pia wajibu wa kuyatunza, ila kazi ya kusimamia taka ngumu kwenye eneo imeipa mamlaka ya serikali za mitaa, yaani halmashauri. Dar ilianza kuwapa watu binafsi kazi ya kuzoa taka mwaka 1994, wakaanzia katikati ya mji halafu ikasambaa, na ni utaratibu mzuri tu ukisimamiwa. Lakini kumpa mtu kazi sio kumpa jukumu lote ukalala. Gari la kontrakta likiharibika kontrakta atafute lingine, akishindwa halmashauri ilete la kwake au imtoe iweke mwingine, nyie mnaolipa hamtakiwi kuvumilia funza mlangoni. Yule kijana wa daftari mbona hajaharibika, mwezi ukiisha anafika!

Kitu cha kwanza ufanye, na hiki ufanye leo, tenganisha. Taka za nyumba zetu zaidi ya nusu ni za chakula, maganda ya ndizi na viazi, makombo, mabua ya mchicha, na hizo ndo zinatoa harufu na funza. Maganda mabichi wape wenye mbuzi, makombo wape wenye kuku au nguruwe, kama uani pana kaudongo chimbeni shimo mfukie kidogo kidogo. Makopo ya maji na soda weka kiroba chake pembeni, vijana waokota makopo wakipita wape, wanauza kwa kilo na wanakula kwa hiyo kazi, wasalimie pia, mtu anayeokota uchafu wako anastahili salamu. Ukishatoa hivyo viwili utakuta kilichobaki ni kiroba kimoja kikavu, kifunge kiweke mbali na mlango, kinaweza kusubiri. Pampasi ndo ngumu najua, kung'uta kinyesi ukimwage chooni kwanza, halafu uzifunge peke yake. Ila msichome! Plastiki ikiungua kwa moto wa uani inatoa moshi wenye sumu, dioksini na nyingine, na mwenye mapafu madogo kuliko wote hapo nyumbani ni mwanao.

Cha pili, acheni kulalamika mmoja mmoja, mwenyekiti akifuatwa na mpangaji mmoja anamwambia avumilie, akipewa karatasi yenye majina sita na saini sita ni kitu kingine. Andikeni barua fupi kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa afisa afya wa kata na nakala kwa diwani, muandike tarehe guta lilipokuja mara ya mwisho, kiasi mnacholipa na kwamba mnadai risiti. Nakala ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa, bila muhuri kesho watasema hawajaiona. Na mkutano wa mtaa ukiitishwa nenda na mtoto wako mgongoni ukaulize mbele za watu, mkataba wa kontrakta unasema aje mara ngapi kwa wiki, na akikosa anakatwa nini. Hayo maswali mawili tu. Kugoma kulipa sikushauri, sheria ndogo za halmashauri zinakubana wewe kwanza, ila kutoa hela bila risiti pia acheni kuanzia mwezi huu.

Mume wako anasema utagombana na watu bure. Mwambie Anti anamheshimu lakini aangalie wakazi wa Tabata, walichoka na dampo lililokuwa limewekwa katikati ya makazi yao, moshi na nzi kila siku, wakalipeleka Jiji Mahakama Kuu na mwaka 1988 wakashinda. Jiji likarudi kuomba muda wa kuendelea kumwaga pale, Jaji Lugakingira akakataa, akasema kuwaweka watu kwenye hali ile ni kugusa haki yao ya kuishi iliyopo kwenye Katiba ibara ya 14. Baadae taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, nako wananchi wakaenda mahakamani 1991 wakashinda. Walikuwa watu wa kawaida tu wenye watoto kama wewe, na waligombana kweli na haikuwa bure. Wewe hujafika hata kwenye mahakama, unaanza na barua na muhuri.

SWALI: Anti habari. Nasafiri sana kati ya Dar na Mbeya kikazi. Kinachoniumiza ni chupa na mifuko ya chipsi inavyorushwa dirishani, hata pale Mikumi mbugani. Siku moja nilimwambia abiria mwenzangu akaniuliza sasa niweke wapi, na kweli ndani ya basi hapakuwa na hata ndoo. Konda akasema tupa tu kaka kuna watu wanalipwa kufagia. Nani alikosea?
Msafiri, Mbeya

JIBU: Salama kaka. Abiria alikosea, ila swali lake lilikuwa la haki, na konda alikosea zaidi kwa sababu yeye alikuwa na jibu mkononi akalikataa. Mfuko mmoja wa taka ufungwe kwenye siti ya mbele na mwingine nyuma, bei yake haifiki nauli ya mtoto mmoja, mwenye basi anayeuza maji na biskuti ndani ya gari lake anajua kabisa kuwa yale makopo yatabaki matupu baada ya saa moja.

Pale Mikumi barabara inakatisha hifadhini kama kilomita 50 hivi, na hakuna anayefagia porini kila asubuhi, vibao vimewekwa na faini ipo. Nyani wa pale wameshajifunza kukaa pembeni ya lami wakisubiri vya kutupwa, ndo maana wanagongwa, na wanyama wengine wanameza plastiki maana ina harufu ya chakula na chumvi. Mimi huwa nabeba kifuko changu mwenyewe nafunga kwenye mkono wa siti, aliyekaa pembeni yangu huwa anaomba nae aweke, sijawahi kupita safari hajaomba. Halafu tukifika stendi nashuka nacho mpaka kwenye pipa. Nchi hii tuliacha mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, watu walisema haiwezekani na ndani ya wiki chache tukawa tunatembea na vikapu na vifuko mbadala, kwa hiyo mtu asikwambie Watanzania ndo tulivyo.

Ukipanda tena, mwambie konda kabla gari halijaondoka, mbele ya abiria, kwa heshima. Akiwa na gari lililojaa watu wanaomsikiliza atatafuta mfuko.

SWALI: Anti, asalaam aleikum. Niko Mombasa. Landilodi wetu anakata hela ya taka ndani ya kodi lakini keateka, yule mtunza nyumba, akizikusanya anazimwaga kwenye lundo kando ya barabara, mbuzi na kunguru wanasambaza mpaka kwetu. Tukimuuliza anasema hapo ni mahali pa kaunti, lori la kaunti litabeba. Je, sisi wapangaji tuna neno?
Mpangaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Mnalo neno, tena kubwa. Landilodi akishakata hela ya taka amejifanya yeye ndo wa kuzifikisha panapotakiwa, na lundo la kando ya barabara halijawa mahali pa kaunti kwa sababu tu watu wamelizoea. Ulizeni kama lile eneo limetengwa rasmi. Kama halijatengwa basi keateka anatupa ovyo kwa hela yenu. Kama limetengwa, basi kaunti ndo inadaiwa lori, maana Katiba ya Kenya ya 2010 kwenye Jedwali la Nne imezipa kaunti kazi ya kuondoa taka na kusimamia madampo, na ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi.

Kuna pia sheria ya taka ya mwaka 2022, inataka taka zitenganishwe zile za kuoza na zisizooza tangu zinapotoka, na inawagusa mpaka wanaotengeneza bidhaa wabebe sehemu ya mzigo wa vifungashio vyao, jambo ambalo kwa kweli nalipenda sana. Nyie watu wa Mombasa mnakumbuka dampo la Kibarani lilivyokuwa, mtu anaingia mjini anapokelewa na moshi na uvundo ubavuni mwa bahari, na leo pale pamegeuzwa, taka zinaenda Mwakirunge. Pale pameweza kubadilika, lundo la mtaa wenu halishindikani.

Anzeni na landilodi kwa maandishi, mumuombe risiti ya anayempelekea taka. Asipojibu ndani ya wiki mbili, pigeni picha mara tatu siku tofauti, tarehe zionekane, mzipeleke kwenye ofisi ya wadi pamoja na nakala ya barua. Halafu niandikie tena walichokujibu, nitakichapa hapa hapa.