Usiwazuie watoto sikukuu kwa deni la baba yao

Hapana mwenzangu, usifanye hivyo. Unasema mtalaka wako hajaleta nguo za watoto wala hajatuma senti tangu mfungo uanze, kwa hivyo Idi hii watoto hawendi Mkoani kwa bibi yao mpaka pesa iingie kwenye simu. Na umeuliza upike nini mkiwa watatu tu, na kama ni bora uvuke Unguja kwa dada yako ili usibaki peke yako na mawazo. Ya kupika na kuvuka yatangojea. Hilo la kuwazuia watoto litoe kichwani leo.

Mimi nimeshapita hapo, sikukuu ya mwanzo baada ya eda yangu kwisha. Nakaa Wete, huku huku Pemba, bibi yao mzaa baba yuko Konde, baba yao anafanya kazi Unguja. Matunzo alikuwa hatoi, na hasira nilikuwa na haki nazo. Sasa akatokea mama mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima, wa kupishwa mbele kila penye shughuli. Akanikalisha ukumbini kwake akaniambia: "Mwanamme hasikii mpaka umshike panapomuuma. Wafiche watoto sikukuu moja tu, pesa zitakuja zenyewe." Akaniapia kwamba binti yake alifanya hivyo akaletewa mpaka kabati. Nikawapeleka watoto Mtambwe kwa mama yangu mdogo, simu nikaizima.

Mwezi ukaandama. Kumbe baba yao keshavuka na boti, yuko Konde anawangoja. Sisemi kwamba alikuja na mali, alikuja na viatu tu vya watoto na tende za mama yake, na deni liko pale pale. Lakini alikuja. Bibi amesonga bokoboko tangu alfajiri, wifi yangu ndiye aliyenihadithia baadaye, na kila gari ikisimama barabarani anatoka kuchungulia.

Mwanangu wa kiume alikuwa darasa la kwanza. Kanzu yake ya sikukuu nilimnunulia mimi, kwa pesa za kuuza maandazi. Alizoea kwenda kusali Idi na baba yake, wakirudi bibi humpa yeye mkono wa sikukuu kabla ya wajukuu wote. Mwaka ule hakulia wala hakuuliza kitu. Ila kanzu hataki kuivua. Analala nayo. Idi nne magharibi, pindo limeshakuwa jeusi kwa vumbi la uwanjani, namwambia vua nikufulie, ananambia, "Bibi hajaiona." Nilimwacha akalala nayo tena.

Na pesa je, zilikuja? Hazikuja. Aliporudi Unguja hata kupiga simu aliacha. Nikaamua kwenda kudai matunzo kwa Kadhi, madai yangu yako wazi kabisa, na neno la kwanza lililosemwa na upande wake ni kwamba mimi nimemnyima watoto sikukuu. Wakaleta mashahidi. Bibi mwenyewe alifunga safari kutoka Konde, akaeleza alivyongoja. Badala ya baba yao kujibu mbona hatoi, mimi ndiye nikawa wa kujieleza. Shauri moja likawa mawili, la matunzo na la kuonana na watoto, na muda wote huo mchele, dawa na madaftari ya skuli vinatoka mfukoni kwangu. Yule mama wa ushauri nilimwomba aje angalau akae na mimi pale nje. Mguu unamuuma! Mguu huo huo jioni yake ulikuwa harusini, kwenye mkeka wa mbele. Nimemsamehe mengi katika maisha, hilo bado. Mtu anayekushauri ugomvi na watoto wako, muulize kwanza siku ya mahakama atakaa wapi.

Kwa hivyo shika hili: matunzo ni deni la baba, linadaiwa kwa Kadhi, na sikukuu ni ya mtoto. Usivichanganye hata kwa siku moja. Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inakataza mama atiwe madhara kwa ajili ya mtoto wake, na inakataza baba naye atiwe madhara kwa ajili ya mtoto wake. Aya hiyo hiyo ndiyo inayomtwika baba chakula na mavazi, kwa hivyo hupotezi haki yako kwa kuwaachia watoto waende. Mahakama za Kadhi za hapa Zanzibar, kwa Sheria namba 9 ya mwaka 2017, zinasikiliza matunzo na malezi pia. Weka risiti za nguo, andika daftarini kila ulichotoa na tarehe yake, sikukuu ikimalizika nenda. Kama hujui pa kuanzia, muone msaidizi wa sheria wa wilaya yenu.

Siku zenyewe gawaneni kabla mwezi haujaandama. Mosi na pili kwa bibi, tatu na nne kwako, au mtakavyoona. Lakini msiandikiane tarehe! Unaijua Pemba yetu, wapo wanaofungua kwa mwezi wa kimataifa, ukionekana popote duniani, na wapo wanaongoja tangazo la Mufti. Kama nyumba ya bibi wanasali siku moja na wewe nyingine, "Idi mosi" yenu si moja, na ugomvi utaanzia hapo hapo mlipodhani mmeelewana. Semeni "siku mtakayosali nyinyi". Na fitri ya watoto mkumbushe baba yao ni juu yake, kwa maneno mawili tu, bila ya kuingiza ya kabati na kitanda.

Usimtume mtoto kupeleka maneno hayo, hata yule mkubwa. Umesema na wifi yako mnasalimiana bado. Basi mpigie yeye, leo baada ya tarawehe, umwambie watoto watakuja na saa ngapi wapokelewe kituoni.