Jibu: Kwa nini Utah, timu ya kikapu ya NBA (ligi kuu ya Marekani), wanaitwa Jazz?
Mkuu, umeuliza Utah na muziki wa jazz wapi na wapi. Jina walihama nalo tu. Timu ilianzishwa New Orleans mwaka 1974, mji wenye jazz yake, ikiwa na Pete Maravich, yule mchezaji aliyewatandika Knicks wa New York pointi 68 peke yake mwaka 1977. Hela ikawa shida, 1979 wakahamia Salt Lake City, jimbo la Utah.

Enzi tamu ni ya wachezaji John Stockton na Karl Malone. Fainali mbili za NBA, 1997 na 1998, zote wakalala kwa Chicago Bulls. Ya 1998 ndiyo inauma: Michael Jordan wa Chicago anamnyang'anya Malone mpira karibu na kikapu, anapanda nao, anatupia zikiwa zimebaki sekunde 5.2. Ubingwa hawajauonja mpaka leo.