Mkoba wa Bastola Usiochubua Nyonga: Niliyojifunza kwenye Joto na Foleni za Dar es Salaam

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi Februari, nami nilikuwa nimekwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela kwa zaidi ya saa moja na nusu, nikitoka Buguruni kwenda Ubungo. Mkoba wa bastola niliokuwa nimeuchomeka ndani ya suruali ulikuwa umenikwaruza nyonga mpaka ngozi ikachubuka, jasho likaingia kwenye mchubuko, na nilipofika maeneo ya Tabata sikuweza kuvumilia tena. Niliuchomoa pamoja na bastola yake na kuusukuma chini ya kiti cha dereva. Saa tatu baadaye nilikuwa nimeketi kwenye benchi huko Sinza, nikinywa soda na kusubiri gari lioshwe, ndipo kijana aliyekuwa akifagia ndani ya gari alipoacha kazi, akanijia taratibu na kuniambia kwa sauti ya chini, "Shikamoo mzee. Samahani, kuna kitu chako chini ya kiti. Mimi sijakigusa."

Nilisimama miguu ikinitetemeka. Kijana yule angeweza kuwa mtu wa aina nyingine kabisa, na mpaka leo namwombea heri kila ninapomkumbuka.

Ninamiliki bastola kwa leseni kwa sababu ya biashara yangu ya jumla ya Kariakoo, ambako kuna siku hulazimika kutembea na fedha za mauzo. Kwa muda mrefu niliuona mkoba kuwa ni kitu cha kuja na bastola tu, kama boksi lake. Tukio la Sinza ndilo lililonifundisha kwamba mkoba unaoumiza ni hatari kwa usalama na wala si kero ndogo ya kuvumiliwa, kwa maana mtu anayeumia atauvua, na akishauvua ataiweka silaha mahali ambapo hakupanga kuiweka: chini ya kiti, kwenye droo ya dukani, juu ya friji. Asiyeuvua naye ataushika na kuusogeza kila baada ya dakika chache, na kwa kufanya hivyo atawaonyesha watu wote waliomzunguka kwamba ana silaha na ameificha wapi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, silaha iko mikononi mwako kwa idhini, na ikipotea wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Hata hivyo, kabla ya kufika kwenye suala la kustarehe mwilini kuna jambo ambalo silijadili na mtu yeyote: mkoba lazima ufunike triga yote, yaani kile kidude kinachovutwa kwa kidole ili kufyatua risasi, pande zote mbili, kwa kitu kigumu ambacho kidole hakiwezi kukibonyeza kikafika ndani. Bastola yangu ni Glock 43, ambayo ilitoka mwaka 2015 na hubeba risasi sita kwenye magazini, yaani kibebeo cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, na kama zilivyo Glock nyingi haina kitufe cha usalama cha kufungua na kufunga kwa dole gumba. Usalama wake mmojawapo umewekwa kwenye triga yenyewe. Maana yake ni kwamba chochote kitakachoingia kwenye nafasi ya triga na kuivuta, kiwe kidole, pindo la shati au kipande cha ngozi kilicholegea, kinaweza kufyatua risasi kama kuna risasi kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa. Mkoba wa ngozi laini uliochakaa huweza kukunjika mdomoni, na mkunjo huo ukaingia kwenye triga wakati mtu anarudisha bastola. Ukiona mdomo wa mkoba wako wa ngozi umeanza kulegea na kujikunja, usiushone wala usiupige gundi. Uache kuutumia siku hiyo hiyo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua mkoba wa nailoni ambao muuzaji aliusifu kwamba unaingia bastola zote ndogo. Mkoba unaoingia bastola zote hauishiki vizuri hata moja. Kila nilipochomoa bastola mdomo wake ulijifunga, nikalazimika kuupanua kwa mkono wa kushoto ili niirudishe, jambo ambalo liliuweka mkono wangu mbele ya mtutu kila mara. Isitoshe, bastola ilicheza mle ndani, ikainama kuelekea nje, na mpini wake ukajichora kwenye shati.

Mkoba mzuri hutengenezwa kwa umbo la bastola moja tu. Unapaswa kuishika hivi kwamba, ukihakikisha haina risasi kabisa kisha ukaugeuza mkoba juu chini juu ya kitanda na kuutikisa, bastola isianguke, lakini ukiishika mpini na kuivuta itoke bila kung'ang'aniwa. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na ningemshauri mtu aachane na mkoba usiolifaulu hata kama ni wa bei kubwa.

Sasa niseme kuhusu vifaa, kwa sababu ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wa nchi za baridi, na hewa yetu ya pwani ni kitu kingine. Ngozi ni rafiki wa mwili. Ikishazoea kiuno chako hukaa kama sehemu ya nguo. Lakini ngozi hunywa jasho, na kwa mtu anayeshinda Kariakoo tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, jasho hilo ni la kukamua. Ngozi iliyolowa huwa laini, ikifungiwa kabatini bila kukauka huota ukungu, na chumvi ya jasho iliyomo ndani yake huila bastola taratibu. Niliwahi kuiacha bastola ndani ya mkoba wa ngozi kwa wiki moja nilipokuwa nimelazwa kwa malaria, na nilipoitoa nilikuta madoadoa ya kutu ya rangi ya kahawia, madogo kama punje za ulezi, yamejipanga kwenye sehemu zake za chuma. Tangu hapo bastola haijalala tena ndani ya ngozi.

Plastiki ngumu iitwayo Kydex hainywi jasho, haibadiliki umbo kwa kulowa, na huoshwa kwa maji na sabuni kisha ikafutwa na kukauka papo hapo. Ubaya wake ni ukingo. Mkoba niliokuwa nao siku ile ya foleni ulikuwa wa aina hii, na kilichonichubua ni ukingo wa juu uliokatwa bila kusuguliwa vizuri. Hata sasa nikikumbuka nahisi unavyokwaruza. Kwa hiyo unapokagua mkoba wa plastiki, pitisha kidole polepole kwenye kingo zake zote, hasa ile ya juu inayogusa ubavu na ile ya chini inayogusa paja ukikaa, na popote kidole kitakapokwama jua ngozi yako nayo itakwama. Ukingo mdogo unaweza kusuguliwa kwa msasa laini. Mimi nilifanya hivyo kwa mkoba nilionao leo. Ipo pia mikoba ya mchanganyiko, yenye ganda gumu mbele na bamba la ngozi au kitambaa kinene upande wa mwili, na kwa wengi wetu wenye ngozi inayochubuka haraka hiyo ndiyo inayofaa zaidi, mradi bamba hilo liwe refu kiasi cha kuizuia bastola isiguse mwili na lisiwe refu kiasi cha kukuzuia kushika mpini barabara.

Kuhusu mahali pa kuuvaa, mwili wako ndio utakaokuambia. Mtu mwembamba anaweza kuiweka mbele, kulia kidogo kwa kifungo cha suruali, akakaa na kuinuka bila shida. Mimi nina kitambi, na nilipojaribu kuiweka hapo kila nilipoketi mpini ulinibonyea tumboni huku mtutu ukielekea kwenye paja, mahali penye mishipa mikubwa ya damu. Sikupapenda na sikuparudia. Nyuma katikati ya mgongo ndipo ninapomkataza kila mtu anayeniuliza, kwa sababu ukianguka utaangukia chuma juu ya uti wa mgongo. Mahali palipokubaliana nami ni nyonga ya kulia, nyuma kidogo ya mshono wa suruali, mkoba ukiwa umeinamishwa mbele kidogo ili mpini ufuate mkunjo wa mbavu badala ya kutokeza. Mikoba mingi ina matundu ya skurubu yanayokuruhusu kubadili mwinamo huo pamoja na kimo chake, na badiliko la nusu sentimita tu linaweza kukutofautishia siku nzima ya maumivu na siku nzima ya kusahau kwamba umevaa kitu.

Katika jambo hili gari lina nafasi kubwa, maana sisi wa Dar es Salaam tunaishi humo. Video nyingi za mafunzo hutoka Marekani, ambako dereva hukaa kushoto na kifungo cha mkanda wa gari kiko upande wake wa kulia, jirani kabisa na mpini wa bastola. Kwetu dereva hukaa kulia na kifungo kiko kushoto, kwa hiyo tatizo la mpini kugongana na kifungo hatuna. Tulilonalo ni kwamba bastola hubanwa kati ya nyonga na pembe ya kiti upande wa mlango, huku mkanda ukipita juu yake na kulikandamiza shati. Nilichofanya ni kuupandisha mkoba kwa tundu moja, ili ncha yake ya chini isisukumwe na kiti ikauinua mpini mbavuni, na kila nikishafunga mkanda hulivuta pindo la shati likae juu yake. Jaribu mkoba ukiwa umeketi kwenye gari lako mwenyewe. Kusimama mbele ya kioo hakukuambii lolote kuhusu foleni.

Mkanda wa suruali ni nusu ya mkoba. Glock 43 ikiwa tupu ina uzito wa karibu nusu kilo, na mkanda mwembamba wa mapambo hujipinda chini ya uzito huo, mkoba ukaning'inia na kuanza kusugua. Wa kwangu nilishonewa na fundi viatu wa Kariakoo: ngozi ya tabaka mbili, ikapigwa gundi na kushonwa kingo zote, upana wa milimita 38 ambao ndio unaoingia vizuri kwenye kishikio cha mkoba wangu. Fundi alitaka kuniwekea tabaka moja nene akisema itatosha. Nilimwomba aweke mbili, na sijajuta. Suruali nazo nilianza kununua zenye kiuno kikubwa kwa inchi moja, na ndani huvaa singlendi ndefu ya pamba ambayo huchomekea ili ikae kati ya ngozi na mkoba, kisha huibadilisha mchana ikilowa.

Kwa nguo za juu, shati jeupe la kitambaa laini ndilo adui. Mashati ya kitenge yenye maua makubwa huficha umbo vizuri, na Kaunda suti, ambayo koti lake huvaliwa nje na lina uzito wa kutosha kuning'inia bila kushikamana na mwili, ni vazi ambalo sijaona linaloizidi kwa shughuli hii. Kanzu sikushauri, kwa kuwa huwezi kuifikia bastola chini yake, na kwenye sijda mkoba huhama. Siku ya Ijumaa ya kwangu hubaki nyumbani kwenye kasha la chuma.

Mfukoni panafaa kwa bastola ndogo kabisa, kama Ruger LCP ya mwaka 2008 ambayo ikiwa tupu haifiki gramu 300, lakini iwe kwenye mkoba wake wa mfukoni, na mfuko huo usitiwe funguo wala sarafu. Kwa akina dada wanaovaa magauni, mkanda mpana wa tumboni wenye ganda gumu la kufunika triga ni bora mara nyingi kuliko kuiweka kwenye pochi, kwa sababu pochi ndiyo ya kwanza kunyakuliwa na wezi wanaopita kwa pikipiki.

Ukishapata mkoba, usitoke nao barabarani siku hiyo. Toa magazini, koki bastola uangalie chemba, angalia tena kwa kidole, risasi zote ziwe chumba kingine, kisha uvae nyumbani jioni nzima. Kaa kwenye kochi, kaa kwenye mkeka kama uko msibani, inama ufunge kamba za viatu, panda ngazi, nenda chooni. Chooni ndiko watu wengi husahau silaha, kwa sababu suruali ikishuka mkoba hulemea na mtu hutafuta msumari wa kuutundika. Zoea mapema kuiacha bastola ndani ya mkoba wake, ukaushika pamoja na mkanda kwa mkono mmoja. Na kila unapoirudisha bastola, fanya polepole, shati ukiwa umelishika pembeni, kidole kikiwa nje ya triga, macho yakitazama mdomo wa mkoba. Hakuna anayekukimbiza wakati wa kurudisha.

Kila jioni huufuta mkoba kwa kitambaa chenye maji kidogo, nikauacha wazi kwenye feni, na bastola huifuta kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya bunduki. Mara moja kwa wiki hukagua skurubu, maana mtikisiko wa barabara zetu huzilegeza bila wewe kujua. Nikishazikaza, huomba rangi ya kucha kwa mke wangu nikapaka mstari mwembamba unaotoka kwenye kichwa cha skurubu hadi kwenye plastiki. Mstari ukikatika najua imezunguka.