Kabla ya kuwasha kamera, uliza mwezi umefikia wapi

Ukitaka kutengeneza filamu ya makala kuhusu wavuvi wa dagaa Ziwa Victoria, anza kwa kuuliza habari za mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mbalamwezi ikikolea, taa haiwavuti tena samaki. Mitumbwi inalala nchi kavu, wavuvi wanashona nyavu, wengine wanakwenda makwao kusalimia.

Vijana wanaonijia kuomba ushauri huwa wamepanga safari kwa kufuata tarehe za mfadhili. Wanafika mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, wakati wa giza, kila mtu ana haraka, kisha wanasema wavuvi wagumu kuongea. Aliyekesha ziwani ana deni la usingizi, atakupaje saa nzima asubuhi? Nenda siku za mbalamwezi, kamera ikae kwenye begi, keti naye anaposhona nyavu. Giza likirudi, atakukaribisha mtumbwini mwenyewe. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na bado naamini sehemu kubwa ya ufundi wake ni kukubali kwenda kwa ratiba ya watu wengine.

Mwanza ina sababu ya kuwatazama watu wa kamera kwa wasiwasi. Mwaka 2004 ilitoka Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, raia wa Austria, kuhusu biashara ya minofu ya sangara. Ilisifiwa sana Ulaya, na mwaka 2006 ikawania tuzo ya Oscar. Mwaka huohuo Rais Kikwete aliikosoa hadharani, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Huku inajulikana kama filamu ya mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, na mpaka leo nikishuka na begi langu kwenye mialo fulani naulizwa kama nimekuja kutengeneza mapanki mengine. Kwamba sangara alipandikizwa ziwani na akawamaliza furu wengi, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, hilo ni kweli na lazima lisemwe. Lakini aliyeonyeshwa kwenye filamu ana haki ya kuiona kabla haijasafiri. Kwangu mimi watazamaji wa kwanza ni watu wa mwalo uleule niliorekodi, na hilo silijadili na mfadhili yeyote.

Maana yake kwenye bajeti ni hii: andika gharama za kurudi kabla hujaandika bei ya lenzi. Nauli, jenereta, projekta, turubai jeupe, au kodi ya kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea video mtaani, kwa jioni moja. Fedha zikipungua, punguza siku za kushuti, fungu hilo usiliguse. Na usitegemee manukuu chini ya picha. Yanapita haraka, wazee wengi hawayafuati, na watu wa vibanda umiza wamezoea kusikia sauti ya mtu akiwatafsiria. Kama wahusika wako wanaongea Kikerewe, Kijita au Kisukuma, andaa toleo lenye msimulizi wa Kiswahili.

Rudi kabla uhariri haujafungwa, ili maneno ya watu yapate nafasi ya kuingia. Kwenye onyesho moja tulikuwa na sehemu kuhusu mvua inavyoharibu dagaa walioanikwa mchangani, mpaka mzigo wa kuliwa na watu unashuka kuwa chakula cha kuku. Mama mmoja mwanikaji akasimama, akasema mvua imekuwepo tangu enzi za bibi yake; kinachowaumiza ni kwamba chanja za kuanikia juu ya ardhi hazitoshi, na mkopo wa kujengea chanja unataka dhamana ya nyumba ambayo hati yake ina jina la mume. Ukimya ulioingia pale sijawahi kuupata kwenye tamasha lolote. Tulikaa naye siku zilizofuata, na sehemu hiyo ikawa moyo wa filamu.

Ridhaa pia ina uzito wake huku. Mwaka 2018 ilipita Operesheni Sangara, zana haramu zikateketezwa, watu wakatozwa faini. Kijana anayekuonyesha nyavu zake za timba, zile zilizopigwa marufuku, kwa sababu amekuzoea anaweza kuwa anakukabidhi ushahidi wa kumfunga. Fomu yenye sahihi haimlindi. Mweleze kwa lugha yake kwamba filamu itaonekana runingani, itakaa YouTube, na afisa uvuvi wa wilaya anaweza kuitazama. Akiendelea kukubali, chukua mikono na sauti, uso uache. Akibadili mawazo baadaye, mtoe, hata kama ndiye uliyempenda kuliko wote.

Vibali nitavitaja kwa ufupi: Bodi ya Filamu, barua za mkoa na wilaya, mtendaji wa kata, serikali ya kijiji, kisha viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi pale mwaloni. Usiwadharau hao wa mwisho, ndio wanaojua nani yuko radhi kuongea. Droni ina vibali vyake, anza mapema sana. Na ukiwa na fedha ya kifaa kimoja kizuri tu, nunua maikrofoni pamoja na kinga ya upepo. Upepo wa ziwa hauna huruma.

Kuhusu riziki, wengi wetu tunaishi kwa video fupi za mashirika, na hakuna aibu. Docubox, mfuko wa filamu za makala ulioko Nairobi, husaidia watengenezaji wa Afrika Mashariki, na ZIFF, tamasha la filamu kule Zanzibar, ni mahali pazuri pa kukutana na watu. Ila usichukue picha za filamu yako ukaziuza kwenye kazi ya shirika. Mama yule alikubali filamu, hakukubali bango la kuchangisha fedha.

Wavuvi watakuomba hela, nao wana haki ya kuuliza. Lipia mafuta ya mtumbwi, lipia siku ya kazi uliyomkosesha mtu, changia chakula cha kambini. Maneno yake usiyalipie, maana atakupa anayodhani unayataka. Viwango vyote vitaje siku ya kwanza, mbele ya uongozi wa BMU, kila mtu akisikia.