Tule garanti kimyakimya?

"Mama, tunapanga vyumba viwili hapa Katuba, katika lupango (uwanja) moja na mwenye nyumba, kwa dola 120 kwa mwezi. Tulipoingia tulitoa garanti, yaani fedha ya dhamana, ya miezi sita. Sasa kazi ya mume wangu imekwisha na tuna deni la miezi miwili. Yeye anataka tule garanti, yaani tukae bila kulipa mpaka iishe, bila kusema neno, na mzee mwenye nyumba akipiga hodi nimwambie baba watoto amesafiri Likasi. Mzee anatishia kufunga mlango kwa kufuli. Nifanye nini?"

Mama wa Katuba,

Uongo huo wa Likasi uacheni leo hii, kwa maana mtu mnayeishi naye lupango moja husikia hata kikohozi cha mumeo usiku, na mkishapoteza imani yake hamtakuwa na cha kujadiliana naye.

Cha kujadiliana mnacho, tena kikubwa kuliko mnavyodhani. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji wa nyumba nchini mwetu Kongo, inasema kwamba garanti ya nyumba ya kuishi haipaswi kuzidi kodi ya miezi mitatu. Nyinyi mlitoa dola 720 mahali pa 360. Najua mlikubali wenyewe, kwa sababu hapa Lubumbashi anayesitasita huambiwa na komisioneri (dalali wa nyumba) kwamba wapo wengine wanaongoja ufunguo. Hata hivyo, kukubali kwenu hakuibadilishi sheria. Kwa hiyo mumeo, na si wewe, amwendee mzee na kumwomba kwa heshima kwamba dola 360 zilizozidi zilipe miezi miwili ya deni pamoja na mwezi mmoja unaofuata, na zile 360 nyingine zibaki kuwa garanti halali. Makubaliano hayo yaandikwe katika nakala mbili, yatiwe sahihi na pande zote mbili, mbele ya shahidi.

Kula garanti yote kimyakimya ni jambo jingine, nami silikubali. Fedha hiyo huwekwa ili mwenye nyumba asibaki na milango iliyovunjika wala deni la umeme la SNEL au la maji ya REGIDESO mpangaji atakapoondoka. Tena ikiisha, mtahamia wapi bila senti ya kutoa garanti mpya? Jueni pia kwamba huenda mzee hana fedha hiyo mkononi, kwani wenye nyumba wengi humrudishia anayetoka kwa fedha ya anayeingia.

Kuhusu kufuli, deni halimpi mzee ruhusa ya kuwatoa kwa mkono wake mwenyewe. Akikataa kuwasikiliza, nendeni kwenye ofisi ya makazi ya komini (manispaa yenu) mkaombe kupatanishwa. Ikishindikana, shauri hupelekwa kwenye mahakama ya amani, na huko karatasi zenu za malipo ndizo zitakazosema. Kama garanti mliitoa bila karatasi, mwombeni mzee aitaje katika makubaliano haya mapya, kiasi na tarehe.

Mumeo asipopata kazi kabla mwezi huo wa ziada haujaisha, mpeni mzee notisi mapema, kwa maandishi, ili apate muda wa kutafuta dola zenu 360, nanyi muanze kutafuta chumba cha bei nafuu zaidi.